Kitabu cha Pasaka Kabatini

Jumatano, 5 Aprili 2017

Nisamehe, daftari langu. Tangu sikukuu ya Hanuka, Desemba, sijakugusa! Malkiel alizaliwa Januari, nikawa mtu wa kunyonyesha na kufua tu. Usingizi nausikia kwa majirani.

Ila leo lazima niandike. Noga ameuliza! Maswali yote manne ambayo mtoto huuliza mezani usiku wa Pasaka yetu Wayahudi, kwa sauti, jikoni, mbele yangu na baba yake. Huyu huyu ambaye mbele ya watu hafungui mdomo. Mwaka jana alijificha chini ya meza, binamu yake akauliza badala yake. Sasa ana miaka mitano. Kilichomsaidia ni kitabu cha picha walichogawiwa chekechea. Kila swali lina picha yake: mkate usiotiwa chachu, mboga chungu, mboga zinazochovywa mara mbili, kuegemea mto. Kusoma hajui — anaweka kidole kwenye picha, maneno yanakuja yenyewe.

Asante, Mungu. Na aliyezichora pia, asante.

Jumapili, 9 Aprili

Kusafisha. Kusafisha! Siku saba za Pasaka chembe ya mkate wa chachu isionekane ndani, wala isiwe mali yetu. Vitabu vya watoto nimevikung'uta kimoja kimoja — biskuti ndani ya safina ya Nuhu, tambi kwenye picha ya kibanda cha sikukuu ya Sukoti. Vilivyonishinda nimevitupia kabati la vitu vya chachu, pamoja na unga. Mume wangu Elyada kalifunga, kabandika utepe. Kesho asubuhi rabi anamuuzia mtu asiye Myahudi vyote vilivyomo, hadi sikukuu iishe.

Mgongo si wangu tena.

Jumatatu, 10 Aprili, saa nane mchana

Ole wangu. Kitabu cha Pasaka kimo kabatini.

Noga kakitafuta nyumba nzima, ndipo nikakumbuka: biskuti iliganda kwenye jalada. Nilikitupa kwa mkono wangu huu. Kitabu kinachokataza mkate, kimefungwa kwa kosa la mkate! Elyada kacheka mpaka kakaa sakafuni. Eti, mke wangu, umemuuza mwalimu asubuhi ya mtihani! Mimi sikucheka. Mabaki ya mkate tumeshachoma, saa ya mwisho ya chachu imeshapita, kabati si letu.

"Fungua kidogo tu, mama."

"Halifunguliwi, mwanangu. Tumeshauza."

"Basi na mimi siulizi."

Kaingia chini ya meza.

Na baba mkwe anakuja jioni hii. Pasaka yake ya kwanza bila mkewe. Alisema kwenye simu kwamba anakuja kumsikia Noga tu, la sivyo angebaki kwake na mkate wake mkavu usio na chachu.

Saa kumi

Dada yangu Yiska, wa Haifa, anacho kitabu kilekile! Kwanza kanisema: tangu utoto wewe ni wa kufungia vitu vya watu. Halafu akaanza kupiga picha kurasa na kunitumia kwa simu. Mungu amweke. Jua likizama sikukuu inaingia, simu hatushiki, wala kalamu, kwa hiyo nanakili upesi kwa rangi za Noga. Nimechora mkate usiotiwa chachu.

Kichwa kikatokeza chini ya meza.

"Mama, hiyo nini?"

"Mkate."

"Huo mkeka wa bafuni!"

Kaninyang'anya rangi. Sijawahi kushukuru tusi namna hii.

Saa kumi na moja na robo

Amesimama kwenye kiti, anachora. Midomo inacheza, sauti haitoki. Hajasema kama atauliza. Nami simwulizi — nikimsukuma atarudi chini. Malkiel analala begani kwangu, naandika kwa mkono mmoja. Baba mkwe ameshafika, Elyada anampokea koti. Noga kamwangalia mara moja tu, akarudi kwenye karatasi. Hakukimbia!

Ya kumwambia Yiska sasa hivi, kabla ya kuwasha mishumaa ya sikukuu: bado nahitaji ukurasa wa mboga chungu, ule ulioutuma umekatika nusu. Na wa mboga zinazochovywa mara mbili, bakuli zote mbili zionekane. Wa kuegemea mto usitume. Noga anauchora mwenyewe, na aliyeegemea ana ndevu za babu yake.