Jina la Mzee Wanalitaka Nairobi

Kimulot, Jumanne, Juni 1973

Leo mvua ya mawe imepiga tangu saa nane mpaka karibu saa kumi. Nilikaa jikoni na mtoto mapajani nikisikia mabati yakilia juu yetu, na nikashukuru kwa ile kelele, kwa sababu ilinizuia kusikia moyo wangu. Sasa imekatika. Mawe meupe yamejaa kati ya mistari ya chai, na majani machanga tuliyotaka kuyachuma wiki hii yamechanikachanika. Mama mkwe anaililia chai yake. Mimi nina kilio changu.

Barua imekuja.

Mwalimu mkuu aliileta mwenyewe mpaka darasani, akasema, "Mwalimu Rusi, hii ni ya Nairobi," halafu akasimama hapo hapo, hakwenda. Nikaifungua mbele ya darasa la nne lote. Sijakubaliwa, wala sijakataliwa. Wananiita tena Alhamisi, saa tatu asubuhi. Niingie peke yangu, nijibu kwa mdomo wangu maswali juu ya mume wangu na watu wa nyumbani kwake, kwa sababu mara ya kwanza majibu yangu hayakuridhisha.

Hayakuridhisha. Neno hilo mimi huliandika kwa wino mwekundu kwenye madaftari ya watoto bila kufikiria mara mbili. Nadhani nitaliacha.

Ninaogopa. Niliogopa siku ya kujifungua, lakini siku ile kulikuwa na wanawake wamenishika mikono.

Daftari hili nimelidanganya, na leo nitubu. Siku niliyotoka Nairobi mwezi uliopita niliandika mstari mmoja tu: "Nimerudi salama, maswali yalikuwa machache." Ni kweli yalikuwa machache. Nilishindwa na la pili.

Nianze mwanzo, ili mambo yakae sawa kichwani. Mume wangu Samweli ni fundi wa mashine. Alitoka kwenye kiwanda cha chai hapa, akaenda Uingereza kusomea mashine za kusaga majani, na alipomaliza wakamwandika kazi huko huko. Sasa ni miaka miwili na miezi minne. Aliniacha na mimba ya miezi mitatu. Binti yetu Chebet anatembea, anakimbiza kuku, anajua kusema "maziwa" na "hapana", na baba yake anamjua kwa picha moja tu ambayo ndani yake mtoto analia. Samweli alipeleka maombi huko ili mke na mtoto wamfuate. Amekodi vyumba viwili. Katika barua ya mwisho alisema amenunua kitanda cha mtoto, na kwamba kila akirudi kutoka kazini anakikuta kitupu. Kile kitanda kimeniumiza kuliko maneno yote matamu aliyowahi kuandika.

Mkataba wake unaisha baada ya miaka mitatu. Nikikataliwa Alhamisi, ni miaka mitatu tena. Kuna mwanamke mmoja upande wa Kaplong ambaye alikataliwa. Kwanza barua zilikuja kila mwezi, baadaye Krismasi kwa Krismasi, sasa hata Krismasi inapita kimya. Watu wanamsalimia kwa sauti ya matanga na bwana yake yuko hai.

Sasa lile swali la pili.

Kwetu sisi Wakipsigis, mke hataji jina la baba ya mume wake. Tangu siku niliyofungwa nyasi mkononi nikawa mke wa boma hili, jina lile liliondoka mdomoni mwangu, na halijarudi. Namwita Mzee. Ubaya ni kwamba mume wangu anabeba jina hilo hilo. Yeye ni arap fulani, yaani mwana wa fulani, silabi ya kwanza tu ya jina huachwa, na huyo fulani ndiye Mzee. Kwa hiyo siwezi kutaja jina kamili la mume wangu. Na tangu pasipoti itoke, imeniandika kwa jina la mume, siwezi kutaja hata langu.

Watu hawajui taabu yake. Kuna msichana darasani kwangu mwenye jina linalofanana na hilo, nikiita majina asubuhi namwita Esta, la ubatizo, na wenzake hawajawahi kuuliza kwa nini yeye tu. Bahasha za Samweli anaziandika wifi yangu Rahab. Mimi naandika kurasa nne za ndani, mambo ya mke na mume, halafu natafuta mtu wa kuandika ya nje.

Kama Mzee angekuwa amebatizwa, ningesema Petro au Yakobo na mambo yangekwisha. Lakini Mzee hataki. Mama mkwe amemwombea miaka na miaka, wachungaji watatu wamekunywa mursik yake, maziwa ya kugandisha kwenye kibuyu, na kwenda zao, naye husema jina moja linamtosha mtu mmoja. Nilikuwa nacheka akisema hivyo.

Basi Nairobi, kwenye ofisi ya viza ya Waingereza. Nyuma ya meza alikaa mama wa Kizungu mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni, na kando yake karani Mwafrika, kijana nadhifu, mtu wa mbali na huku. Karani akauliza jina langu. Nikasema Rusi Chelangat, mwalimu. Akauliza, "Na la bwana?" Nikasema Samweli.

"Samweli nani?"

Nikaushika mkoba wangu kwa mikono miwili.

"Mama, bwana yako ni Samweli nani? Baba yake anaitwa nani? Si unakaa kwake?"

Nikasema ninakaa kwake. Akasema, "Haya, jina." Nikasema, "Siwezi." Wakatazamana. Karani akamwambia yule mama kwa Kiingereza kwamba huyu hajui hata mume wake anaitwa nani, na yule mama akasema polepole kuwa wamekuja wengi wa namna hiyo, wanawake wanaosema ni wake za watu na si wake za mtu. Walidhani sielewi. Mimi ninafundisha Kiingereza! Ningeweza kusimama nikaeleza desturi yote, kichwa mpaka mkia. Lakini woga ulinipokonya Kiingereza chote, nikabaki nimeshika mkoba. Nikatoa picha ya harusi. Wakauliza baba mkwe ni yupi. Yuko pembeni kabisa, amegeuka anatazama ng'ombe, kwa sababu hakutaka kusimama karibu na bibi arusi. Yule mama akaandika mambo mengi sana.

Niliporudi hapa sikumwambia mtu. Niliona aibu. Nilimwendea mchungaji tu, akaniambia Mkristo hafungwi na mambo ya kale, taja tu, dada, uko huru. Nilifurahi mpaka mlangoni. Hapo nikakumbuka kwamba mke wake, ambaye anaongoza akina mama, humwita baba mkwe wake "yule wa nyumba ya juu" hata akimwombea kwa sauti.

Leo mwalimu mkuu aliisoma barua ya Nairobi, akaelewa mwenyewe, akaniandikia nyingine ya kueleza desturi yetu, ina mhuri wa shule. Lakini alinipa akitikisa kichwa. Barua watasoma, akasema, halafu watauliza jina.

Ninachoogopa ni nini hasa? Nimejiuliza leo jikoni. Hakuna aliyewahi kuniambia adhabu yake. Mama yangu alinifundisha tu kwamba halitajwi, na mimi sikuuliza, kama ambavyo mtu haulizi kwa nini moto unaunguza. Ni heshima, si uchawi. Lakini Chebet anakohoa tangu Jumapili. Nikilitaja, na kikohozi kikishuka kifuani, nitawaambia nini watu? Nitajiambia nini mimi? Na nisipolitaja, nitamwambia nini huyu mtoto akiwa na miaka mitano na baba yake bado ni picha?

Huku na huku ni miiba.

Leo nimeshindwa kuficha. Nilirudi na barua kifuani, Rahab akaniona, akanibana, nikamwambia yote. Rahab hawezi kushika siri kama vile chujio halishiki maji. Mvua ilipokatika tu, mama yake alijua, na muda si muda nikamwona mama mkwe akikanyaga mawe kuelekea kwenye zizi, kanga kichwani, kwa haraka ambayo hakuwa nayo hata kwa ajili ya chai.

Nilitaka ardhi inimeze. Mzee na mimi hatujawahi kukaa chumba kimoja. Akipita mimi hukaa kando ya njia, nikipita yeye hukohoa kwanza ili nijue yuko. Hata maziwa ya mtoto huyapitisha kwa mama. Na sasa anaambiwa kwamba jina lake limeandikwa kwenye faili Nairobi na mkaza mwana wake anatakiwa kulitoa mbele ya wageni.

Alikuja. Nilisikia anakohoa nje ya jikoni. Hakuingia. Nilimwona kupitia ufa wa mlango, amesimama kwenye matone, mgongo ametugeuzia, anatazama chai iliyopigwa. Mama mkwe alisimama mlangoni katikati yetu. Mzee akawa anasema naye, si na mimi, ingawa kila neno lilikuwa langu. Alisema kwa lugha yetu, nami nayaweka kwa Kiswahili kama nilivyoyasikia.

"Mama Samweli, uliza mke wa kijana. Hao watu ya Nairobi wanataka jina yangu ya nini?"

Mama mkwe akasema, "Wanataka kujua kama huyu ni wa boma hii."

Nilisikia maji yakidondoka kutoka kwenye mabati.

"Hiyo jina nilipewa nikiwa mtoto. Imekaa tu. Haijawahi kufanya kazi yoyote. Sasa iende ifanye kazi, ilete huyo mtoto kwa baba yake." Halafu akasema, "Mwambie aitaje sasa. Mimi ndiyo mwenye jina. Nikisikia na sijakataa, nani mwingine atakataa?"

Mama mkwe akanigeukia. Macho yake yalikuwa yamejaa maji, na sasa hayakuwa ya chai. Akasema, "Mama Chebet, taja. Hajakasirika."

Nikafungua mdomo. Nasema ukweli mbele ya daftari hili: nilifungua mdomo mara tatu. Mara ya kwanza haikutoka hata pumzi. Mara ya pili nilisema "Ki," nikaanza kulia. Mara ya tatu Chebet alikohoa mgongoni kwangu, nikaufunga mdomo kama mlango.

Mzee hakugeuka. Matone yalikuwa yanamwangukia kwenye kofia. Baadaye akasema, kwa mama mkwe tena, "Basi, leo imetosha. Kesho kabla ya gari ya Kericho nitasimama hapa tena. Asipoweza, nitapanda gari pamoja naye mpaka huko Nairobi. Nitasimama nje ya dirisha, nimegeuka hivi hivi, aitaje nikisikia." Akaenda kuangalia chai yake.

Mzee hajawahi kufika hata Nakuru.

Nimekaa nikifikiria mgongo ule. Miaka yote hii nilidhani heshima ni mimi kumkwepa, kumbe naye amekuwa akinikwepa kwa uangalifu huo huo, akikohoa, akizunguka njia ndefu ya shambani ili nisisumbuke kuinuka. Na leo ameliweka jina lake mlangoni kwangu kama mtu anayeacha kibuyu cha maziwa.

Lakini woga haujaondoka. Ungekuwa wa kuondolewa kwa ruhusa, ungeondoka. Uko hapa chini ya mbavu, umekaa kama mwenye nyumba. Naogopa kesho asubuhi. Naogopa basi, naogopa ile ngazi ya ofisi, ile miwani, ile kalamu inayoandika wakati sijasema kitu. Naogopa kwamba nitafungua mdomo Alhamisi na itoke "Ki" peke yake, na kwa "Ki" hakuna anayepewa viza.

Jua linatua nyuma ya msitu, mawe karibu yote yameyeyuka. Rahab anasonga ugali. Hana habari na daftari hili. Kiswahili kirefu humletea usingizi, ndiyo maana nakiandika.

Nimefikiri hivi. Mtoto akishindwa kusoma neno kwa sauti, mimi humwambia aliandike kwanza. Mkono una ujasiri kuliko ulimi, ndivyo ninavyowaambia. Sijui kama ni kweli, ni jambo ambalo walimu husema tu.

Basi naandika, na Mungu anione, na Mzee hajakataa.

Mimi ni Rusi Chelangat, mke wa Samweli arap Tonui. Baba yake anaitwa Kiptonui.

Nimeinuka nikaenda kumtazama Chebet. Amelala, amekohoa mara moja, amegeukia ukutani. Paji lake la uso si moto. Nimerudi, na jina bado liko hapa kwenye karatasi, wino haujakauka vizuri.

Mkono umeweza. Je, kesho mdomo utaufuata?