Sahani Iliyorudi Tupu

Mama Zuhura, mke wangu,

Nakuandikia kutoka nyumbani kwetu Mishomoroni. Najua huko uliko kifikacho ni dua, na dua nimekwisha kukusomea. Haya mengine nayaandika kwa kuwa nina hofu, na sina wa kumwambia.

Matokeo ya uchaguzi yametangazwa. Yule aliyeshindwa, ambaye karibu mtaa wetu wote ulimchagua, amesema redioni kwamba hakubali. Mahakamani haendi, na wafuasi wake watoke barabarani. Ungekuwapo ungeniuliza, "Sasa, Mwalimu, asipokubali, mwenziwe haapishwi?" Ataapishwa. Sheria haingoji ridhaa ya aliyeshindwa. Lakini neno lake ni kama hitima: halimfufui maiti, ila likishasomwa watu hupata kwenda makwao. Lisiposomwa, hubaki matangani, na wenye hasira huanza kumtafuta aliyeua.

Wamekwisha kumpata. Jana dukani, Athumani muuza mkaa aliniuliza mbele ya watu, "Mwalimu, yule jirani yako wa bara alimpa nani kura?"

"Kura ni siri, mwanangu."

"Siri gani? Mtu hujulikana kwa kwao!"

Wakacheka.

Wakumbuka Mama Brayo alipotoka bara akahamia mlango wa pili? Ulimpelekea mahamri, naye akairudisha sahani safi, tupu. Ukamshika mkono: "Mwenzangu, kwetu sahani hairudi tupu. Ukiirudisha tupu wasema ujirani umekwisha." Tangu siku hiyo haikurudi tupu tena. Ilirudi na githeri, ukanong'ona, "Mahindi na maharagwe, tena!" na ukala yote. Alipokuwa hana kitu, ilirudi na ndimu moja.

Leo baada ya alasiri amebisha hodi.

"Shikamoo, Mwalimu. Nimeleta sahani ya mama. Nisije nikaondoka nayo."

"Waenda wapi?"

"Sijui bado. Brayo amenipigia simu kutoka Changamwe, ameniambia nifunge vitu nimngoje."

Ilikuwa ile yako ya maua ya samawati. Ndani hamna kitu. Mama Zuhura, redio haikunitisha kama sahani ile.

Nikakumbuka mwaka ule mwingine, aliposhindwa mtu akakataa vivi hivi. Ulichukua mbuzi yako ya kukunia nazi ukaketi mlangoni pa Mama Brayo, nami nimesimama nyuma yako. Wale vijana walipofika na marungu, hukuinua hata kichwa. "Mwataka nini? Kama ni njaa, ngojeni. Nazi haijaisha." Mmoja wao ulikuwa umemlea, akakuamkia kama bibi yake, wakapita.

Hawa wa leo hukuwalea. Nami si wewe.

Hata hivyo nimeitia sahani wali uliobaki mchana, nikampelekea. Ameipokea kwa mikono miwili, akalia. Kisha nimerudi kuchukua mbuzi, nikaketi pale pale ulipoketi. Hapo ndipo ninapokuandikia, karatasi juu ya goti. Brayo hajafika. Nasikia makelele upande wa dukani, na sauti ya Athumani naitambua.

Nazi niliyo nayo ni moja tu. Nitaikuna polepole.

Mumeo,
Baba Zuhura