Ngoma ya Sakabaka Iko Kwangu

Kimironko, Kigali

Mdogo wangu Yohana,

Salamu zangu zikufikie wewe na wote waliomo humo ndani. Mimi ni mzima. Goti tu ndilo linanipigia kelele mvua ikikaribia, lakini goti hilo unalijua. Wewe mgongo vipi? Na hilo sikio? Juzi nimekuuliza kwenye simu kama mahindi yamekauka, ukanijibu kwamba padri amehamishwa. Nikasema basi, huyu mtu nimwandikie. Anayeandika ni Esperansi, mke wa mwanangu Deo, maana mimi kalamu sikuwahi kushika, baba alisema mbuzi nani atachunga. Esperansi amekulia Bujumbura, Kiswahili anakijua vizuri, shida yake anataka kuninyooshea maneno. Nimemwambia andika yatokavyo, Yohana ananijua. Atakayekuletea ni Sadiki wa lori, yule anayepita Kasulu. Mpe chai, ni mtu mzuri, ila usimwulize habari za mke wake.

Sasa tuingie kwenye lenyewe. Nimesikia huko kwenu wameona kwenye simu dada yako anasindikiza ngoma kwenye toroli, watu wanasema Veronika uzeeni amekuwa mwizi. Wifi yangu amemwambia Deo eti wewe umekosa usingizi. Lala, mdogo wangu. Ngoma iko hapa, imeegemea kabati, nimeifunika kitenge, na sikuiiba. Nitakueleza, usinikatize. Esperansi anacheka, anasema barua haikatizwi. Hakujui huyu.

Timu yetu inaitwa Sakabaka, jina la yule ndege mwewe anayebeba vifaranga. Si timu kubwa. Unakumbuka tulipohamia huku na marehemu Gaspari? Yeye Mnyarwanda, huku ndiko kwao, lakini alikulia kwetu, na akifungua mdomo watu wanacheka Kinyarwanda chake. Sokoni wanacheka, kanisani wanacheka. Uwanjani kwa Sakabaka ndiko mahali pa kwanza mtu hakumwuliza umetoka wapi. Walimwuliza tu, unaweza kupiga ngoma? Akasema naweza. Alikuwa muongo, alijifunza siku hiyohiyo, lakini alijifunza. Ngoma yenyewe mashabiki ndio waliichongesha. Gaspari aliipiga mpaka ugonjwa ukamlaza. Alipofariki waliileta nyumbani. Hawakuipiga, waliiweka tu uani tukakaa nayo. Kwa hiyo mtu asiniambie habari ya kuiba.

Siku hizi anayepiga ni Kanyoni, fundi wa kuchomelea mageti. Kazi yangu mimi ni vigelegele. Goti bovu, koo bado.

Halafu timu ikapata wenyewe. Ni ndugu wawili, wana kiwanda cha magodoro, wanakaa huko juu Rebero. Siku ya kwanza walikuja na hema na spika, wakagawa kofia, wakasema sisi sasa ni familia moja. Nilipiga vigelegele mpaka nikakohoa. Likachorwa godoro kwenye jezi za vijana, tukasema sawa, godoro si dhambi. Vikawekwa viti viwili mbele, chini ya kivuli, vya kitambaa chekundu na mto, viti vya wenye timu.

Yohana, hawakurudi. Kila mechi zamu wa uwanja, ndivyo huku wanavyomwita mlinzi, anatoa vile viti, anavipangusa, anavipanga, na baada ya mechi anavirudisha kibandani kwake. Misimu imepita. Kocha ameondoka, hakuna aliyetuambia. Golikipa wetu ameuzwa, tumesikia redioni tukimenya viazi. Majani ya uwanja yamefika magotini, si goti langu bovu, goti zima. Tumetuma watu ofisini kwao, wanaambiwa mabosi wako kwenye kikao. Siku nyingine tena, kikao. Kanyoni akasema hicho kikao kitazaa watoto. Ingekuwa chuki ningeelewa. Mtu akikuchukia walau anakufikiria.

Siku iliyotumaliza ni hii. Tunacheza na timu ya Bugesera, vijana wanatoka kubadilisha nguo, hawana jezi. Stoo imefungwa, mwenye ufunguo amesafiri na mabosi. Wakaazima fulana za shule moja jirani, za watoto, Yohana. Vitovu nje. Namba wamebandika kwa plasta ile ya kidonda. Mvua ikanyesha, namba zikadondoka, refa hajui ampe nani kadi. Tukafungwa, usiniulize ngapi. Watu wa Bugesera walikuja kutuzomea wakaishia kutuhurumia, na hilo ndilo liliniuma.

Mbele pale, viti viwili vyekundu vinalowa.

Watu wakachacha. Mmoja akataka kupasua viti, mwingine akataka twende Rebero kupiga kelele getini. Mzee Karorero ndiye mkubwa wa mashabiki, na ndiye anayesemea familia kwenye harusi za huku, ile kazi ya kukaa mbele na kubishana na wakwe kwa heshima. Akasema hapana, hatuvunji kitu na hatupigii mtu kelele. Wakamwuliza basi tufanye nini. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye ndoo, nakamua maji kwenye kitambaa cha kichwa, nikasema, "Mke asipotunzwa anafanya nini? Si anarudi kwao?"

Walicheka. Halafu wakaacha kucheka.

Huku wanaita kwahukana, sawasawa na kwetu Buha. Esperansi anasema na Burundi ni hivyo. Unakumbuka Skola wetu aliporudi na sufuria yake kichwani? Baba hakwenda kumwuliza mume kitu. Alisema, mke wake yuko hapa, akimtaka anajua njia. Na yule shemeji alivyokuja hatimaye na pombe yake ya ndizi na mjomba wake wa kumsemea, baba alimweka nje kwenye jua, akamalizia kwanza kunoa jembe. Halafu ndipo wakaongea. Wakaongea vizuri, Skola akarudi, wakazaa wale mapacha. Mila hiyo haina matusi. Inamwuliza mwanaume jambo moja tu: unamtaka au humtaki?

Basi tukaichukua ngoma, ndiyo mke anayerudi kwao. Nikaivika kitenge changu kizuri, kile cha Pasaka, tukaipandisha kwenye toroli la Kanyoni, bila vigelegele, maana mwanamke anayerudi kwao hapigiwi vigelegele. Watu walipanga mistari nyuma kama msiba. Ndiyo hiyo mliyoiona kwenye simu. Mzee Karorero akapanda moto, zile pikipiki za abiria, mpaka Rebero, akamwambia zamu wa getini: waambie mabosi mke wao amerudi nyumbani, yuko Kimironko kwa Veronika, waje na mtu wa kuwasemea. Zamu akacheka, akasema nitafikisha.

Tukaanza kungoja. Timu ikacheza bila ngoma. Hujawahi kusikia uwanja kama ule, unasikia mpira unavyogongwa na kocha mpya anavyokohoa. Vijana wenyewe walikuja kuniomba, mama turudishie. Nikawaambia vumilieni wanangu, mume anakuja. Na mimi niliamini, Yohana. Kila Jumamosi asubuhi nilifagia ua, nikaazima viti kwa jirani, Esperansi akapika maharage na ndizi, kwa sababu mkwe hata kama umemkasirikia hatoki na njaa. Jioni tunakula wenyewe. Deo alinenepa.

Siku moja gari likasimama. Mzee Karorero alikuwepo, alivaa koti, akakaa mbele kama anavyokaa kwenye harusi. Wazee wengine wakajipanga. Nikamwambia Esperansi usiwakaribishe haraka, waache kwanza wasimame, mimi nanoa jembe. Sina jembe huku, nikachukua kisu, nikanoa kisu.

Akashuka binti mmoja. Peke yake, viatu virefu, anaingia kwenye matope. Dereva akashusha kreti za soda na godoro moja, bado liko kwenye nailoni. Binti akasalimia vizuri, kwa mikono miwili. Akasema anaitwa Diana, anatoka kiwandani, ameleta zawadi, anaomba ngoma, na kama tunakubali tupige na picha kidogo.

Mzee Karorero akamwuliza, kwa sauti yake ileile ya harusini, "Binti yangu, mume yuko wapi?"

Akasema mabosi wamesafiri. Mzee akamweleza taratibu kwamba mke hafuatwi na dereva, na godoro hilo sisi hatutalilalia mpaka mwenyewe aje alikabidhi. Akauliza atarudi lini huyo mume, tutangoja. Binti akaangalia chini. Nikaweka kisu, nikamwambia njoo ukae hapa, kula kwanza. Akala. Alikuwa na njaa kweli, hao watu wa ofisini hawali.

Alipomaliza akaniambia polepole, si kwa wazee, kwangu, "Mama, wao hawajui kama timu ina ngoma."

Nikamwuliza na ujumbe wa zamu je. Akasema zamu aliufikisha ofisini, ukaishia kwake yeye Diana. Alipowapelekea video waliangalia kidogo, wakauliza hawa ni akina nani. Soda na godoro kaomba yeye mwenyewe kwa mkubwa wa stoo, kwa sababu aliona aibu. Baba yake alikuwa shabiki wa Sakabaka.

Ikabidi niwaambie wazee. Hakuna aliyekasirika, ndiyo ajabu. Mzee Karorero alivua koti, akalikunja mapajani. Akasema, "Basi tumekuwa tunamngoja mtu ambaye hajui kama ameoa."

Binti tulimsindikiza mpaka kwenye gari, nikamfungia ndizi za njiani. Godoro alirudi nalo. Soda tulikunywa, kulikuwa na joto.

Tukakaa tukajadiliana. Kanyoni akasema tuirudishe ngoma uwanjani yaishe, vijana wanateseka. Mimi nikasema haturudishi. Mwanamke ambaye mume hakuja anakaa kwao, lakini hafungiwi ndani. Analima, anakwenda sokoni, anakwenda misa. Anatoka kwao, anarudi kwao. Mzee Karorero akafikiri, akasema hilo ni sawa kabisa kimila.

Kwa hiyo sasa siku ya mechi Kanyoni anakuja na toroli, tunaivika kitenge, tunakwenda nayo, na jioni inarudi kwangu. Siku ya kwanza ilipolia, vijana walisimama katikati ya mazoezi wakageuka wote kutuangalia. Tulitoka sare. Nilipiga vigelegele kwa sare, watu wakaniuliza mama umechanganyikiwa, nikasema mwacheni mama.

Goti siku hiyo lilikuwa baya, na ndoo yangu mtu alikuwa ameikalia. Nikaenda mbele kwenye kile kivuli, nikakaa kwenye kiti chekundu. Mto mgumu, panya wameula upande mmoja. Mzee Karorero akasitasita, halafu akaja akakaa kwenye cha pili. Zamu wa uwanja akaja mbio na kitambaa chake cha kupangusia mkononi, akasema, "Mama, hivi ni vya wenye timu." Nikamwambia najua, wakija nitanyanyuka.

Sijanyanyuka mpaka leo.

Sasa, Yohana, ngozi ya upande mmoja imeanza kulegea, na ngozi za huku hazilii kama za kwetu. Mkichinja ng'ombe nitafutie ngozi ya mgongoni, ikauke kivulini, umpe Sadiki. Mtu yeyote akiuliza ni ya nini, mwambie ni ya ngoma ya Sakabaka.

Nisalimie wifi yangu, aache kukusumbua na habari za simu. Msalimie Skola na yule mzee wake, mwambie nimemkumbuka sana mwaka huu atajua kwa nini. Mapacha wao waambie shangazi anawasalimu, shangazi hapana, mama mkubwa, Esperansi ameniandika vibaya. Padri mliyeletewa mpya nisalimieni hata kama hanijui. Mjukuu wako aliyezaliwa nitamwona Mungu akipenda, niwekeeni picha kwa Sadiki.

Esperansi anasema mkono umemuuma, na mimi naona Kanyoni anaingia getini na toroli lake. Acha nikatafute kitenge.

Ni mimi dada yako aliyekubeba mgongoni,
Veronika