Divai Nyekundu Bila Dengu

Kwako Friederike, binti wa kaka yangu,

Bonde zima la Neckar linajua kwamba bila mimi baba yako mdogo, divai yetu nyekundu ya Lemberger ingekuwa maji ya kuoshea mapipa. Meya mwenyewe alinipigia magoti ghalani akiomba glasi ya pili. Wenye wivu wanasema aliteleza.

Huku hatujambo. Zabibu zimevunwa, paka amezaa. Jumamosi tunauza divai na chakula hapa nyumbani. Ufagio, alama ya kwamba tunauza, nimeshautundika mlangoni, na ukishatundikwa wateja hawarudishwi.

Mama yako mdogo Roswitha bado yuko kwako Hamburg? Anakula vizuri? Kilichomwondoa ni jambo dogo tu. Niliwaambia wageni mezani, "Dengu na soseji za mke wangu hazina kitu, divai yangu ndiyo inazibeba." Akavua aproni palepale.

"Haya, bwana mkubwa, zibebe na Jumamosi!"

Jana nimepika dengu mwenyewe. Jirani yetu Gottlob akaonja, akaniuliza, "Eugen, hii ni ya kula au ya kuziba ufa wa ukuta?" Nilicheka, lakini usingizi sipati.

Mbembeleze arudi kabla ya Jumamosi, mwanangu. Akikataa, mwambie hili, ila Gottlob asilisikie kamwe: nimekunywa divai yangu kavukavu, bila chakula chake. Ni chachu. Nadhani siku zote ilikuwa hivyo.

Baba yako mdogo,
Eugen