Sweta la Mama Mkwe

Shoga uko wapi? Nimejifungia chooni kwa mama mkwe. Nakufa kwa aibu.

Si unajua keki ya besidei yake huwa natengeneza mimi kila mwaka? Leo naingia na boksi langu, mezani hakuna nafasi. Katikati kuna sweta la kijivu la kufuma, limekunjwa vizuri. Mama mkwe unamjua, sindano za kufumia hazimtoki mkononi. Nikasema, "Jamani, nani kaacha sweta kwenye chakula?"

Nikanyoosha mkono nilisogeze.

Vidole vikazama.

SHOGA. NI KEKI! Kaitengeneza wifi yangu! Kila uzi, kila mshono, krimu ya siagi tupu. Mpaka vinyweleo vya sufu kaviweka!

Nikajua leo natukanwa. Mama mkwe akapiga makofi, anamwambia wifi: "Mwanangu, wewe fundi! Hata mpishi wetu wa keki kadanganyika!"

Kadanganyika. Mimi! Na boksi langu hakuna aliyelifungua mpaka sasa.

Unajua kinachoniuma zaidi? Nimekuja huku kunawa, nikalamba kidole kwanza.

Tamu, shoga. Tamu mpaka nimelia.