Nyuma ya Karatasi za Salamu

Kaka mkubwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wifi ambaye bado hatujamwona, na watoto kama Mungu amewajalia. Sisi huku hatujambo. Mama ana nguvu za kugombana na kuku wa jirani kuanzia asubuhi, na mimi naendelea na cherehani yangu, ingawa mgongo hunikumbusha kila jioni kwamba mimi si msichana tena.

Usijiulize nimepata wapi anwani yako mpya. Yule dereva wa lori uliyemtengenezea breki alipita kwangu niitie suruali yake kiraka, na muda wote mdomo wake haukupumzika. Alimsifu mno fundi mmoja wa gereji anayeitwa Spana, mwenye kovu juu ya jicho. Kovu hilo nalijua. Nilikuwepo ulipoanguka kutoka juu ya paa la choo.

Akaniambia na jambo jingine, ambalo ulimsimulia mkinywa chai. Kwamba siku baba alipofariki ulikuwa chini ya gari, redio iko mezani, likasomwa tangazo la kifo chake: ameacha mjane na mtoto wa kike. Basi. Kwamba uliweka vifaa chini, ukanawa mikono, ukasema kumbe mzee alikuwa hatanii alipokufukuza, na nyumba ile haina mtoto wa kiume. Ndiyo maana hukuja mazishini, na ndiyo maana barua zangu zilirudi bila kufunguliwa. Niliposikia hayo nililia mbele ya mteja, jambo lisilosaidia biashara. Nilitaka kukuandikia siku ileile, lakini ningekuandikia nini? Hata mimi nilikuwa nimeambiwa na majirani kwamba tangazo lilisomwa hivyohivyo, nikamficha mama, na sikuwa na jibu la kukupa. Leo ninalo. Kwa hiyo nakuomba usiichane barua hii. Nakuomba kwa adabu ya mdogo kwa mkubwa, na adabu ikishindwa, nakuomba kwa ubishi wangu, ambao unaujua.

Sasa nikupe habari kuanzia mwanzo. Halmashauri ilitaka kukichukua kilima cha makaburi kiwe sehemu ya kuegesha malori. Akaja afisa ardhi, kijana mwenye viatu vinavyong'aa, akatueleza kwa upole kabisa kwamba kaburi ambalo kifo cha mwenyewe kinathibitishwa kwa maandishi litazungushiwa uzio na kuachwa. Lisilo na uthibitisho litahesabiwa kuwa tuta la udongo. Nikamwuliza kama mama yake naye ni gunia la mifupa mpaka aonyeshe karatasi. Watu wakacheka, yeye akakohoa, na kwa sababu ya mdomo wangu huo nikachaguliwa palepale kuwatafutia wafu wa kijiji kizima karatasi zao. Ndiyo malipo ya kuongea sana.

Nilianzia kwa msajili wa vifo. Paa la stoo yake lilikuwa limevuja miaka mingi, na maboksi kadhaa yalikuwa yamegeuka uji. Miaka ya baba ilikuwa humo kwenye uji. Majalada yaliyosalia nayo yalikuwa na balaa lake: yameandikwa majina ya serikalini, wakati sisi, kama unavyotujua, tunamzika mtu kwa jina tulilomwita. Kule kilimani vibao vinasema Mzee Kesho, aliyeahidi kila kazi kuifanya kesho. Vinasema Mama Kufuli, aliyefunga kwa kufuli hata banda la bata. Nani anayejua jina la Mzee Kesho la kwenye karatasi? Nilimwuliza mjukuu wake wa damu, akakuna kichwa, akasema kwani hilo si ndilo?

Nikaenda maktaba ya mjini kupekua magazeti ya zamani. Kaka, tanzia za gazetini ni za watu waliopigwa picha wamevaa tai. Kutoka kwetu nilimkuta mmoja tu, na huyo alihama kijijini kabla hajaota meno, akazikwa hukohuko kwa wakubwa wenzake. Nilirudi nyumbani nimenuna, mama akaniuliza nani kafa.

Na aliyeninyima usingizi zaidi ni baba yetu. Wengine angalau wana vibao. Cha baba ni kitupu tangu kiliposimikwa. Mama alikataza kisiandikwe, na kila nilipouliza alinijibu kwamba mwenye kazi hiyo hajaja. Mimi kwa akili zangu nilidhani anamaanisha fundi wa kuandika mabango. Afisa alipokiona alitikisa kichwa, akaniambia kwamba hili hata jina halina, dada, hili nisijichoshe nalo. Niliapa moyoni kwamba lori halitapumzikia kifua cha baba yangu nikiwa hai.

Nilipokuwa nimekwama hivyo ndipo alipokuja dereva na suruali yake. Baada ya kulia, maneno yake yakanizindua. Redio! Watu wa kwetu hawakwenda kwa msajili na hawakuwa na tai za gazetini, lakini hakuna aliyezikwa bila kutangazwa redioni. Kesho yake nikafunga duka nikaenda.

Pale kituoni nilipokewa na mama wa stoo, mtu mnene mwenye huruma. Alisema karatasi za vifo zilikuwa zikishasomwa hazina kazi tena. Kilichohifadhiwa ni orodha za kipindi cha salamu na nyimbo tu, maana wanamuziki walidai haki yao kila wimbo wao ulipopigwa. Nikaomba nizione hizo orodha, kwa ukaidi tu wa mtu ambaye ametoka mbali na hataki kurudi mikono mitupu. Nikafungua faili la kwanza: wimbo wa dansi, wimbo wa dansi, salamu kwa shangazi. Nikageuza ukurasa. Nyuma kulikuwa na maiti.

Miaka ile kituo kilikuwa na uhaba wa karatasi, kaka. Tangazo la kifo likishasomwa asubuhi, mchana waliligeuza, wakaandika nyimbo mgongoni mwake. Hivyo wafu wetu wote walikuwa wamelala salama chini ya dansi! Na kila tangazo lilikuwa limeandikwa kwa mtindo uleule: jina la serikalini, kisha "maarufu kama", kisha jina letu. Mzee Kesho huyu hapa, majina yake yote mawili kwenye mstari mmoja. Nilipiga kigelegele mle stoo, mama wa watu akaruka juu ya kiti akidhani nimeona nyoka.

Nilirudi mara kadhaa mpaka nikawapata wote. Karatasi ya baba ilijitokeza karibu na mwisho, na nyuma yake kumeandikwa nyimbo za kukata kiuno, yeye aliyekuwa akizima redio hata tangazo la sabuni likiimbwa. Nilicheka peke yangu. Kisha nikaisoma, kicheko kikakatika. Ilikuwa imepigwa mstari wa penseli nyekundu.

Nikamtafuta aliyekuwa msomaji, yule tuliyemwita Sauti ya Zege. Amestaafu, analima nyanya, lakini koo lake bado lile lile. Alizitambua karatasi na penseli yake. Nilipomwonyesha ya baba alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akakumbuka kwamba siku ile basi lilikuwa limepinduka, vifo vilikuwa vingi na taarifa ya habari inagonga mlango, ikabidi kila tangazo lipunguzwe. Akaeleza kwamba penseli yake siku zote ilikata mkiani mwa tangazo, kwa sababu jina la marehemu liko kichwani. Nikamwomba aje halmashauri awasome wafu wetu mwenyewe, na baba amsome wa mwisho, bila kukata kitu. Alikubali kabla sijamaliza sentensi.

Ungeuona ule ukumbi, kaka! Kijiji kizima kilihamia mjini. Waliokosa viti walijaa madirishani, mama nikamkalisha mbele. Sauti ya Zege akasimama, akaanza: "Tunasikitika kutangaza kifo cha..." Makarani wa ofisi ya pili wakaacha kazi wakaja kuchungulia, maana sauti ile imewalea. Kila jina lilipotajwa, ukoo wake ulisimama. Kwa Mzee Kesho ilisimama safu nzima, mjukuu akapaza sauti kwamba ndio kwanza anamjua babu yake. Afisa ardhi alilinganisha na jalada la msajili lililosalia, akagonga muhuri, akalinganisha, akagonga. Kufikia Mama Kufuli alikuwa amekunja mikono ya shati na anatabasamu. Pale ambapo jalada lilioza, mwenyekiti wa halmashauri aliamua kwamba tangazo na ndugu waliosimama vinatosha. Sijapata kufurahi vile maishani, na nimewahi kushinda kesi ya mbuzi.

Mwisho akafika kwa baba. Nakunakilia neno kwa neno, kama mama alivyomwandikisha nesi wa zahanati siku ile ya msiba:

"Ameacha mjane, mtoto wa kike nyumbani, na mtoto wake wa kwanza, wa kiume, maarufu kama Spana, aliye safarini. Habari zimfikie popote alipo. Baba yake amemtaja mpaka pumzi ya mwisho. Mazishi yatamsubiri yeye."

Penseli nyekundu ilikuwa imepita kuanzia "na mtoto wake wa kwanza" mpaka mwisho.

Mama alikuwa ndani na wafiwa siku ile, hakusikia redio. Alijua tu kwamba alikuita. Sasa nakumbuka alivyowarudisha wachimba kaburi mara mbili, na wazee walivyomlazimisha hatimaye. Miaka yote hii yeye aliamini kwamba ulisikia ukiitwa ukakataa kuja, na hakumwambia mtu, kwa aibu. Wewe ukaamini ulifutwa. Mmenuniana kwa sababu ya penseli.

Pale ukumbini alisimama polepole. Akamwuliza yule mzee kama maneno hayo hayakusomwa siku ile. Mzee akainamisha kichwa, akasema hayakusomwa, mama, nisamehe. Nilidhani atamrukia. Badala yake aliwageukia watu wote na kusema kwa nguvu, kama anayeshangilia: "Basi mwanangu hakukataa kuja!" Akarudia tena. Kisha akaketi, akajifunika uso kwa khanga, na muhuri wa baba ukagongwa huku mgongaji naye akifuta macho.

Kilima chetu kimebaki, uzio umeanza kujengwa. Jana nilimwambia mama kwamba sasa kibao cha baba kiandikwe, tumeshinda. Akanitazama kama mtu asiyesikia vizuri. Akasema tangu lini kibao cha baba kinaandikwa na mtoto wa pili wakati wa kwanza yu hai.

Nimekununulia rangi nyeusi na brashi, viko chini ya cherehani. Msalimie sana wifi, wabusu watoto, uwaambie wana bibi anayepigana na kuku. Mama anakusalimia, na leo ndiyo mara ya kwanza kunituma salamu hizo.

Habari zikufikie, kaka Spana, popote ulipo. Mazishi yalishindwa kukusubiri. Kibao kinakusubiri.

Mdogo wako akupendaye,
Kiroboto