Nilivyopandisha Standadi

Mama mpendwa,

Mulembe kwako na kwa wote walioamka salama nyumbani. Huku mjini Sisibo baridi inakata masikio, lakini mimi ni mzima, na mjomba pia, ingawa kazi ya reli inamchosha. Mguu wako unaendeleaje? Dada Rael, wewe unayesoma, ukifika penye aibu usipunguze sauti. Soma yote, Mama asikie.

Mama, nimedanganya watu bila kusema uongo.

Kabla shule haijafunguliwa, Bwana Hedimasta, yule Mzungu wetu, aliita wazazi. Mwalimu anayemtafsiria Kiingereza kila mwaka alikuwa na matumbwitumbwi, mashavu kama maboga, kwa hiyo nikasukumwa mbele mimi. Unanijua, hata kanisani naimba kwa midomo tu.

Mzazi mmoja, karani wa mjini, akasimama. "Watoto wetu wanajua Kiingereza. Hawa Wanandi wa mashambani wamekuja juzi, wanatuvuta nyuma. Wawekwe darasa lao."

Mwingine akamrukia, "Na wewe uliyeshuka kwa treni na sanduku, hapa ulimkuta nani?" Watu wakacheka, lakini si kicheko cha raha.

Hedimasta akajibu kwamba hawezi kuwatenga. Watoto wa makabila yote wakisoma pamoja, alisema, standadi ya shule inapanda. Kwa Kiingereza chake alimaanisha masomo yanakuwa bora. Mimi neno nikalichukua vile lilivyo. Nikasema, "Bwana anasema, kwa vile watoto wamechanganywa, standadi inapanda."

Na sisi Mama, standadi ni nini? Si ni darasa? Standadi siksi, standadi seveni. Wazazi wakasikia kwamba watoto wote wamepandishwa, hata walioanguka mtihani!

Akina mama walipiga vigelegele. Hedimasta akafikiri wanashangilia hotuba yake, akanipiga bega, "Gudi boi." Kosa nililiona palepale, Mama, sitasema sikuliona. Lakini hakuna mtu aliyewahi kunipigia vigelegele. Nikanyamaza, na nitasema ukweli, nilitabasamu.

Mzee arap Bett alikuja akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Huyu ni baba ya Kiprono, tuliyekaa naye benchi moja standadi siksi. Kiprono aliangushwa na Kiingereza, akaambiwa arudie, na baba yake alikuwa ameapa kwamba akirudia, basi anarudi kuchunga ng'ombe wa setla, Mzungu mwenye shamba. "Kijana," mzee akaniambia, "umeniokolea mtoto."

Jumatatu Kiprono akaja na kaptura mpya, akakaa kando yangu standadi seveni. Majina yakasomwa. La kwake halikusomwa. Akaambiwa asimame arudi siksi, na kijana mmoja nyuma akasema, "Kumbe huyu alipandishwa na mkalimani!" Darasa lote likaanguka kwa kicheko. Kiprono hakunitazama. Aliokota kofia yake akaenda, si siksi, bali nyumbani.

Siku mbili sikuweza kula. Jana baada ya masomo nilikwenda kule shambani upande wa Turbo, nikamkuta mzee anafunga ua, Kiprono akimshikia waya. Nikamweleza yote, hata vile nilivyotabasamu.

Hakunipiga. Aliuliza tu, "Basi hiyo standadi ya Mzungu ni nini?"

"Ni ubora wa masomo, Mzee. Anasema tukichanganywa, tunainuana."

"Hesabu alikufundisha nani?"

"Kiprono."

"Na yeye Kiingereza alifundishwa na nani?"

Mama, si mimi niliyemfundisha. Maana mwaka mzima nilipokuwa nikiandika insha nilikuwa naziba daftari kwa mkono, nisije nikaitwa rafiki ya washamba. Kiprono aliniona kila siku nikiziba, na hesabu aliendelea kunionyesha.

Kiprono ndiye aliyesema, akiangalia waya. "Baba, niache nirudie. Lakini huyu aje jioni anifundishe, asizibe-zibe."

Mzee alikaza waya, akasema, "Mpaka mahindi yavunwe. Nikiona bado hajui, anakuja huku kwa ng'ombe." Na kwangu akaongeza, "Wewe usinitafsirie tena kitu."

Leo asubuhi, kabla sijaandika hii, nilimwambia Hedimasta pia. Aliona haya kuliko mimi, maana vigelegele alidhani ni vyake, akasema ataita wazazi tena, na mimi nitasimama mbele nirekebishe neno langu.

Nisalimie Baba, na Kuku, bibi yetu aliyenilea, na shangazi wa kisimani. Mchungaji akikuuliza kijana wako Sisibo anafanya nini, nakuomba usimwambie ni mkalimani. Mwambie bado anasoma.

Ni mimi mwanao anayekuonea haya,
Zakaria